Mama Aliyelia Mtoni

Hivi wewe, mtu akikuambia sinema aliyoiangalia jana ilikuwa nzuri, huwa unamuuliza aliona nini hasa? Huulizi. Unaitikia tu, "Aa, kumbe," na yeye anaendelea. Ndivyo ilivyokuwa pale Shanwe, nyumbani kwa Gaudensi fundi cherehani, kila Jumapili baada ya misa ya pili. Watu walikula, wakaangalia sinema, halafu wakaanza kuisema. Na wa kwanza kuisema alikuwa Gaudensi mwenyewe, ambaye tangu Pasaka alikuwa haoni.

Tuseme vizuri. Mwanga alikuwa anauona. Mtu akisimama mlangoni alimwona kama gunia lililosimamishwa. Mchana na usiku alivitofautisha, na kanisani alijua padri yuko upande gani kwa ule weupe wa kanzu. Lakini sura ya mtu, uzi, namba za futi kamba, tundu la sindano, huko kote kulikuwa kama maziwa yaliyomwagwa kwenye kioo. Futi kamba yake alikuwa ameifunga vifundo vya uzi kila baada ya inchi tano, akawa anapima kwa kidole gumba. Mteja alidhani ni ufundi wa kizamani.

Runinga yao ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe ambacho Lusia, mkewe, alikidarizi mwenyewe. Wakiangalia, kitambaa kilikunjwa mara nne kikawekwa juu ya redio. Sinema zilikuwa zile za kutafsiriwa, ambazo mtu mmoja mwenye sauti nzito anaongea Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe, anaeleza kila kitu mpaka visivyohitaji kuelezwa. "Huyo anaingia sasa, mzee kipara, ana panga nyuma ya mgongo, jamaa hajui, yupo tu anakunywa chai yake." Gaudensi alikuwa anakaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, kidevu juu ya kiganja, anamsikiliza mtafsiri kama mtu anayeangalia.

Ikiisha, sauti ya runinga ilipunguzwa, na hapo palikuwa na utaratibu. Baba anasema kwanza. Kisha mgeni. Kisha Vestina, binti yao wa mwisho. Lusia wa mwisho kabisa, akiwa anakusanya sahani. Hakuna anayekumbuka nani aliuweka utaratibu huo, lakini kumtangulia Gaudensi kutoa maoni ilikuwa kama kunawa mikono kabla ya mkwe.

Jumapili hiyo walikuwa wameangalia ya ndugu wawili waliogombania shamba.

"Yule mdogo mtu hajui kuigiza," Gaudensi alisema. "Anapiga kelele mno. Mtu mwenye hasira ya kweli hapigi kelele."

"Kweli kaka," alisema Pontien. Huyu alikuwa mkulima wa maharage wa Mishamo, aliyekuja mjini kila mwisho wa wiki na pikipiki yake, gunia nyuma na jingine mbele kwenye tangi. "Mimi nilipomsikia nikasema huyu atakufa mapema. Na kweli akafa mapema."

"Baba, ila ana sura nzuri," Vestina alisema.

"Sura haiigizi muvi."

"Inasaidia lakini."

"Ingesaidia, hata Pontien angeshachukuliwa."

Walicheka. Pontien alicheka zaidi ya wote, akajipangusa ndevu zenye mchuzi. Lusia alisema, "Ilikuwa nzuri," kama alivyosema Jumapili zote, akatoka na sahani.

Sasa, usidhani walikuwa hawajui. Lusia alijua tangu wiki ya kwanza. Kila asubuhi kabla ya kuinjika uji alitunga uzi kwenye sindano kumi na mbili, sita nyeusi na sita nyeupe, akazichomeka kwenye pazia la kibarazani pale kilipo cherehani: nyeusi kushoto, nyeupe kulia. Siku ya kwanza Gaudensi alipapasa pazia, akazikuta, akasimama kidogo. Kisha akachukua moja akaanza kazi. Hakuuliza, na Lusia hakusema. Vestina naye alikuwa anafanya kazi kwenye kibanda cha Faudhia, cha kuweka muvi na nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Alijua. Ndiyo maana nyumbani hakuleta hata siku moja muvi isiyotafsiriwa. Basi kila mmoja alikuwa na msaada wake wa kimyakimya, na nyumba ikazoea, kama unavyozoea mlango unaofunguka kwa kuuinua kidogo.

Na yeye kwa nini hakusema? Aliogopa kitu kimoja. Mteja akisikia fundi haoni, harudi hata kuuliza alichoacha. Gaudensi alikuwa na miaka hamsini na minane, na katika hiyo hakuwahi kufanya kazi nyingine isipokuwa kukata nguo na kushona.

*

Jumanne saa nne asubuhi alikuja Klementina, mwenyekiti wa kwaya. Gaudensi alimtambua kwa sauti kabla hajafika, maana alikuwa anaongea na simu tangu kwenye kona.

"Fundi, hodi. Nimekuletea kazi ya Kristo Mfalme. Gauni ishirini na mbili, na vipimo vyote nimeandika kwenye daftari. Sikukuu ni Jumapili ya wiki ijayo, si leo wala kesho, usije ukasema tumekubana."

"Karibu mama. Kaa hapo, benchi halina deni."

Klementina aliweka mzigo mezani, akafungua fundo. Gaudensi alikishika kitenge, akakisugua kati ya vidole viwili, akakinusa kidogo. Kilikuwa kipya, kizito, chenye nta.

"Hiki mmelipia pesa ndefu."

"Tulichanga. Si unaona mwenyewe kilivyo."

"Naona. Kizuri sana. Rangi hii alichagua nani?"

"Mimi nilitaka kijani, wakanishinda. Wakasema bluu, bluu, ya Mama Maria. Haya, bluu."

"Bluu imewafaa," alisema Gaudensi.

Hilo ndilo alilolijua: bluu. Kwamba ndani ya ile bluu kulikuwa na ndege weupe, korongo, kila mmoja mrefu kama kiganja na vidole vyake, wote wamesimama wima kwa mguu mmoja, hilo Klementina hakulisema. Angelisema kwa nini, kwa mtu mwenye macho?

Alikaa kidogo kupumzisha miguu. Akauliza kama Jumapili waliangalia muvi gani. Gaudensi akamsimulia ile ya ndugu wawili, shamba lilivyokuwa, panga lilivyotoka, jinsi mdogo alivyokuwa anakodoa macho.

"Mimi nimeacha," Klementina alisema. "Ile ya mama mkwe anayetia sumu kwenye supu, nilizima katikati. Mama mkwe ninaye nyumbani, wa kwenye runinga wa nini tena?" Akacheka, akaaga. Daftari la vipimo alimwachia.

Mchana Vestina alipokuja kula, baba yake alimwambia, "Hebu nisomee vile vipimo, huyu mama anaandika kama kuku." Vestina akasoma vyote ishirini na viwili. Mwandiko wa Klementina ulikuwa wa mwalimu, mzuri mno. Gaudensi akavishika kichwani.

Halafu alikata. Fundi mzuri ana mbinu yake ya kuokoa kitambaa: kipande cha mbele anakilaza kichwa juu, cha nyuma anakipindua kichwa chini, ule upana wa pindo la kimoja unaingia penye wembamba wa kiuno cha mwenzake, na kitambaa hakipotei hata kipande cha leso. Kwa kitambaa cha rangi tupu ni kazi safi kabisa. Gaudensi alikata gauni nane jioni ile, mkasi ukitembea kwenye alama za chaki alizoziweka nene ili azisikie kwa ncha ya kidole. Alipomaliza, kitenge kilichookolewa kilitosha vilemba viwili. Alikikunja akakiweka pembeni, akafurahi, akamwambia Lusia, "Hawa watapata vilemba vya bure."

Jumatano Vestina aliona. Gauni tatu zilikuwa zimeshashonwa, zimetundikwa kwenye kamba ya kibarazani. Kwa mbele korongo wamesimama vizuri. Kwa nyuma wote wako kichwa chini, miguu juu, kama kuku wa kupelekwa sokoni. Alikwenda jikoni, akamkuta mama yake anachambua dagaa.

"Mama, umeziona gauni?"

"Nimeziona."

"Ndege."

"Nimewaona."

"Umemwambia?"

Lusia aliondoa kichwa cha dagaa, akakitupa kwa paka. "Ameshakata," alisema.

Vestina alichukua ndoo akaenda bombani. Jioni Lusia alitia mkaa kwenye pasi, akazipiga gauni zote, mbele na nyuma, taratibu, akizungusha ncha ya pasi kwenye midomo ya wale ndege kama vile walikuwa mahali pao. Moyo haukumuuma. Alishangaa kidogo kwamba haumuumi.

Alhamisi lilipita gari la matangazo. Lilikuja polepole, spika juu, likisema madaktari wa macho wamefika mjini, wanapima na kutoa mtoto wa jicho, kadi za bima zinapokelewa na asiye nayo pia atahudumiwa, mwisho wa kuandikisha ni Jumatatu saa sita mchana. Likarudia. Likasimama mbele ya duka la jirani, likarudia tena. Gaudensi alikuwa anashona gauni ya sita. Alikanyaga cherehani kwa nguvu, akakanyaga, sindano ikapiga kelele mpaka gari likapinda kona. Lusia alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Alingoja kelele ziishe, akaendelea kufagia.

*

Jumamosi Klementina alikuja na wanakwaya wawili kujaribisha. Gauni nane zilikuwa tayari, zimekunjwa. Mmoja, mdogo wao, alivaa palepale juu ya nguo zake, akageuka huku na huku.

"Imekaa," alisema. "Fundi mikono yako Mungu aibariki."

"Geuka," mwenzake alimwambia. "Geuka tena. Ee! Fundi, hawa korongo mbona mgongoni wamesimama kwa vichwa?"

Hapo ndipo Gaudensi alipolisikia neno korongo kwa mara ya kwanza. Mikono yake ilikwenda kwenye gauni iliyokuwa mezani, ikapapasa kitambaa, ikatafuta, kana kwamba ndege wa kuchapwa wana manyoya. Palikuwa laini tu.

"Ndio mshono wa sasa huo," alisema. "Mbele wanaruka, nyuma wanashuka. Dar es Salaam kote wanavaa hivyo."

"Wanashuka kwenda wapi?" yule mdogo aliuliza. "Kwenye makalio yangu?"

Walicheka sana wale wawili. Gaudensi naye akacheka. Klementina hakucheka. Alikuwa ameinama anaangalia vipande, cha mbele, cha nyuma, kisha futi kamba yenye vifundo, kisha pazia lenye sindano kumi na mbili. Akatoa kitambaa cha mkononi, akamnyooshea Gaudensi, "Shika fundi, una jasho." Akakishikilia hewani bila kusema zaidi. Gaudensi aliendelea kutabasamu akiangalia mahali sauti ilipotokea. Mkono ulikaa hewani, ukakaa. Wale wawili wakaacha kucheka. Mwisho Klementina alikiweka kile kitambaa kwenye kiganja cha Gaudensi, akavikunja vidole vyake juu yake kama unavyomshikisha mtoto peremende.

"Haya fundi," alisema kwa upole. "Mtindo mzuri. Watakaovaa hizi nane tutawaweka nyuma, mgongo kwenye ukuta. Hakuna atakayeona."

"Na hizi nyingine nitawamalizia kufikia Jumatano."

"Hapana baba, tusikusumbue. Nyie mna kazi nyingi. Hiki kilichobaki ngoja tukaangalie pengine."

Kazi nyingi! Kibarazani hapakuwa na kitambaa kingine cha mtu yeyote, isipokuwa suruali moja ya mwanafunzi ya kupunguza. Walifunga mzigo. Malipo ya zile nane walimpa yote bila kupunguza, na hilo ndilo lililomkalia vibaya zaidi, maana mteja aliyekasirika hudai apunguziwe. Wakaaga kwa heshima, mmojammoja, kama watu wanaotoka msibani.

Lusia aliporudi sokoni alimkuta mumewe amekaa anakanyaga cherehani kisicho na kitambaa. Gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, chini ya sindano hamna kitu.

"Wamechukua?"

"Wamechukua. Wamezipenda."

"Sawa."

Akaenda kuchemsha chai. Akamletea, kikombe akakigongesha kidogo kwenye meza, ili ajue kilipo.

*

Jumapili Pontien alikuja na furaha zake, na magimbi mawili makubwa ya zawadi. Walikula wali na maharage na migebuka ya Karema. Wakati wa kula akasimulia habari za mama mkwe wake, Séverine, aliyeletwa kutoka Mishamo Ijumaa kwa wale madaktari wa macho.

"Jana wamemfungua bandeji. Mimi niko mbele yake nasubiri aseme asante. Bibi akaniangalia, akaniangalia, akasema, Pontien, kumbe umezeeka hivi? Miaka mitatu ananiona kijana!"

Vestina alicheka akaacha haraka. Lusia alimwongezea mgeni mchuzi. Hakuna aliyemtazama Gaudensi.

"Jumatatu saa sita ndiyo mwisho," Pontien aliendelea, akiongea na sahani yake. "Kesho hiyo. Watu wako wengi lakini wanakwenda haraka."

"Weka muvi," alisema Gaudensi.

Vestina akatoa flashi yake mfukoni, lakini Pontien akamwahi. "Leo yangu. Kijana mmoja Mishamo kanipa, anasema imepata zawadi huko nje. Nataka nisikie kaka atasemaje."

Vestina aliichukua, akaichomeka, akaona. "Baba Pontien, hii haijatafsiriwa. Hata hawaongei sana. Tuangalie yangu."

"Iweke hiyohiyo," alisema Gaudensi. "Kwani bila mtafsiri hatuoni?"

Vestina alimwangalia mama yake. Lusia alikuwa anakunja kile kitambaa cha runinga, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akakiweka juu ya redio. Sinema ikaanza.

Ilikuwa ndefu. Kulikuwa na upepo. Kulikuwa na hatua za mtu kwenye mawe, na kitu kinagonga kwenye mbao, na baadaye maji. Kuna wakati kitu kililia, mbali, mara mbili, kikanyamaza. Mtu aliongea maneno labda kumi, kwa lugha ambayo hapo nyumbani hakuna aliyeijua. Gaudensi alikaa na kidevu juu ya kiganja. Palipokuwa kimya sana alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeguswa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na kile kitambaa cha Klementina kilikuwa bado mfukoni mwake, lakini hakukumbuka kukitoa.

Ikaisha. Vestina akapunguza sauti. Wakangoja, maana utaratibu ni utaratibu.

Gaudensi alikohoa. Sinema mia alizoziangalia zilikuwa zimemfundisha kwamba haikosi mama anayelia.

"Ni nzuri," alisema. "Imetulia. Lakini mimi aliyenikamata ni yule mama. Alivyolia pale mtoni. Hakupiga kelele, mmeona? Analia kama mtu kweli. Yule anajua kuigiza."

Nje bodaboda ilipita. Paka wa Lusia aliruka dirishani akakaa.

Ilikuwa zamu ya mgeni. Pontien aliviangalia viatu vyake, akaangalia runinga iliyokuwa sasa nyeusi.

"Kweli kaka," alisema. "Yule mama alilia."

"Na lile vazi lake," Gaudensi aliongeza, sauti imepata nguvu.

"Vazi lilimkaa."

"Vestina?"

Vestina alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na hajawahi kumdanganya baba yake isipokuwa kwa kunyamaza. "Hata mimi nilimwonea huruma," alisema. "Pale mtoni."

Basi mama yule akawapo. Watu watatu walikuwa wamemwona, ana vazi, ana mto wa kulilia. Ilibaki Lusia aseme "Ilikuwa nzuri," wanywe chai, na kesho ifike saa sita ipite, na Jumapili nyingine ije. Lusia alikuwa ameshika sahani tatu, moja juu ya nyingine, na mifupa ya samaki juu. Alisimama nazo.

"Mimi huyo mama sikumwona," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema chumvi imeisha.

"Utakuwa ulikuwa jikoni," Gaudensi alisema.

"Nilikuwa hapa. Mwanzo mpaka mwisho."

"Shemeji..." Pontien alianza.

"Hapakuwa na mama, Gaudensi. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja."

Alimwita Gaudensi. Mbele ya watu alikuwa anamwita Baba Vestina, miaka yote. Gaudensi aliondoa kidevu kwenye kiganja, akauweka mkono juu ya goti.

"Kulikuwa na nini?" Gaudensi aliuliza.

"Mwanaume. Amebeba mlango mgongoni."

"Mlango wa nini?"

"Wa nyumba. Ameufunga kamba kama anayebeba kuni. Anapanda nao milima."

"Wa rangi gani?"

"Kijani. Imebanduka kwa chini, na kitasa kimelegea, ndicho kilichokuwa kinagonga."

"Nilikisikia," alisema Gaudensi. "Akaupeleka wapi?"

"Sijui. Alifika mahali hamna nyumba, hamna kitu, nyasi tu. Akausimamisha akauegemeza mawe. Akaufungua. Akapita. Ikaishia hapo."

"Na aliyelia mtoni?"

"Mbuzi."

Kwa kawaida hapo wangecheka wiki nzima. Pontien aliuma mdomo akaangalia dari. Gaudensi alitoa kile kitambaa mfukoni, akajifuta paji la uso, akajifuta na macho, taratibu, la kulia kisha la kushoto, ingawa hayakuwa na machozi.

"Vestina," alisema. "Kadi yangu ya bima iko wapi?"

"Iko kabatini baba, chini ya albamu ya picha."

"Itoe uiweke mezani."

Pontien alisimama. "Saa moja asubuhi nitakuwa hapa na pikipiki, kaka. Kabla ya foleni." Akapeana mkono na Lusia, akainama kidogo zaidi ya alivyozoea, akatoka. Vestina alitoa kadi, akaiweka mezani, akamfuata mgeni nje kumsindikiza, akakaa huko.

Lusia alipeleka sahani jikoni. Aliporudi, Gaudensi alikuwa amehamia kibarazani, kwenye cherehani chake. Leo ilikuwa Jumapili, siku isiyo ya kazi, pazia halikuwa na kitu. Kwenye mapaja alikuwa na lile shati lake jeupe la misa, la kuvaa kesho, lililokatika kifungo cha pili. Mkono wa kushoto ulishika kifungo, wa kulia sindano tupu. Kibweta cha nyuzi kilikuwa mbele yake.

Lusia alivuta benchi akakaa upande wa pili wa meza.

"Korongo uliwaona lini?" Gaudensi aliuliza.

"Jumatano."

"Ukawapiga pasi."

"Nikawapiga pasi."

"Wamenicheka, Lusia. Klementina kanishikisha kitambaa kama mtoto. Na wewe ulijua tangu Jumatano."

"Nilijua tangu Pasaka."

"Sasa kwa nini hukusema? Ulikuwa unataka nini?"

Lusia aliiangalia ile sindano. Ilikuwa inametameta kidogo kwenye vidole vyake, maana jua lilikuwa bado lipo. Miezi saba alikuwa ametunga kumi na mbili kila siku, hajawahi kuambiwa asante na hajawahi kuingoja. Alinyoosha mkono, lakini hakuichukua. Aliuacha mkono pale mezani, kiganja juu.

"Nilitaka uniombe," alisema. "Siku moja tu, ukae hapo useme, Lusia, nitungie uzi."